Mwendo wa Wimbo wa Krismasi

Kabla hajainua mkono, mwalimu wa kwaya hupiga kwanza mwendo kwa vidole viwili pajani, na suruali yake imepauka pale pale. Noti huitoa kwa kuguna, macho kayafumba, kama mtu anayeonja mchuzi. Mama kijana wa sauti ya kwanza, mwenye kichanga mgongoni, alivitazama vidole hivyo kwa wasiwasi. Leo wanarekodi wimbo wa Krismasi, na mtoto akilia itabidi atoke nje, naye kaufanyia mazoezi tangu akiwa mjamzito. Walirudia, wakarudia tena. Wimbo ulikwenda mbio na juu mno, sauti zikawa za watu wanaokimbizwa.

"Jamani, mtoto kazaliwa, hajaibiwa," mwalimu alisema. Wa besi wakacheka, na kichanga kikaamka kikilia. Mama akaelekea mlangoni, huku akikipigapiga kwa nyuma na kukiimbia ubeti uleule, kwa sauti ya chini. Kilio kikafifia.

"Mama, simama hapo hapo. Usiache kumpigapiga." Vidole vya mwalimu viliufuata mkono wa mama, polepole, mpaka vikalingana nao. Akaguna noti mpya, ya chini, ile ile aliyoianzia mama. "Haya, tunambembeleza huyu. Atakayemwamsha atambeba mwenyewe."

Wakaimba kwa upole hadi mwisho, mama akiwa katikati yao, na mtoto kalala fofofo. Mwalimu hakuushusha mkono upesi. Aliuacha hewani ukipigapiga taratibu, kana kwamba chini yake pana mgongo mdogo.