Kilio cha Hetvi Hekaluni

Peninah, yaya kutoka Kakamega, alimlea Hetvi tangu kitovu hakijakauka. Mtoto alipofika miaka minne alikuwa akilala kwa nyimbo za Kakamega, na akianguka aliita "Peninah!" kabla ya kumwita mama yake. Nyumba yote ya Mirdif, kule nchi za Kiarabu alikofanya kazi, ilijua hivyo, naye Peninah alijivunia kimoyomoyo.

Ndipo akaja Ba, nyanya wa mtoto, kutoka Rajkot. Alikuwa na nadhiri ya kumpeleka mjukuu kwa Mama Durga, mungu wao wa kike, katika zile siku tisa za sikukuu yake ambapo Wahindu hufurika hekalu la Jebel Ali kutoka Sharjah, Ajman na kwingineko. Ba alizungumza na Peninah kwa ishara tu. Haikupita wiki, yeye ndiye akawa anamsuka Hetvi, yeye ndiye anamlisha. Peninah akabakiwa na vyombo na wivu.

Asubuhi ya kwenda hekaluni, akimvisha mtoto sketi nyekundu, alimnong'oneza: "Ukifika ndani lia, mama. Sema unamtaka Peninah." Ba alikuwa kando akifunga maua kwenye kitambaa. Hakugeuka.

Hekaluni, Peninah aliachwa nje kulinda viatu. Kengele zililia, foleni ikajikokota. Mara madam, mama yake Hetvi, akatoka mbio, jasho likimchuruzika.

"Peninah, yalla, haraka! Amegoma kabisa, anakulilia wewe."

Peninah akavua viatu, akaingia. Hetvi akamrukia shingoni. Peninah akampangusa kamasi taratibu, huku akimtupia Ba jicho la ushindi.

Ba akasogea. Akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani: "Mimi nilizaliwa Kisumu. Baba yangu alikuwa na duka pale. Nilisikia ulichomwambia mtoto."

Peninah akashusha macho. "Nisamehe, mama."

"Miaka mingi nilimwomba Mama Durga anipe mjukuu. Nimefika, nakuta amelala kifuani kwako. Unafikiri wewe peke yako una wivu?" Akamtia mtoto ua mkononi. "Haya, mbebe. Foleni inasonga."

Wakafika mbele ya sanamu. Peninah, binti wa kanisa, aliangalia sakafu. Ba aliushika mkono mdogo wa Hetvi, wakaliweka ua pamoja, na machozi yakamtiririka Ba.

Madam hakuambiwa neno. Lakini urafiki haukuota. Yaya na nyanya walizidi kugombania kitana, sasa kwa Kiswahili.

"Acha, nitamsuka mimi."

"Jana si ulimsuka wewe?"

Siku Ba alipoondoka, Peninah aliamka akiimba. Kwenye uwanja wa ndege Hetvi akajitupa chini, akamlilia Ba hadi sauti ikakauka, na Peninah alipomwinamia, akamsukuma. Peninah akamtazama kikongwe yule akipotea miongoni mwa abiria. Yale machozi ya Hetvi aliyaonea kijicho. Siku yake ya kurudi Kakamega ikifika, naye ataliliwa hivyo kweli?