Mzazi wa Mbwa

Kliniki ya wanyama ilipofunguliwa Lushoto mjini, mahali palipokuwa na duka la mbolea, nilisimama kwenye matope nikasoma kibao chake chote, kisha nikacheka peke yangu. Chanjo. Upasuaji. Kuhasi. Mpaka hapo sikuwa na neno. Halafu kusafisha meno, kukata kucha, kuogesha, ushauri wa lishe. Ushauri wa lishe! Katika wilaya ambayo mbwa hula ukoko unaokwanguliwa sufuriani, na akikosa ukoko hujitafutia anachokijua mwenyewe, kuna mtu amesoma miaka mitano ili akae pale asubiri kuulizwa mbwa ale nini.

Dirishani walikuwa wametundika visweta vya mbwa, chekundu na cha bluu. Baridi yetu tunaijua, lakini nilikuwa nimetoka kupishana na watoto wa shule waliovaa shati tupu asubuhi ile ile. Wateja wenyewe walikuwa wa kuhesabika: wageni waliokodi nyumba za zamani kule juu, mstaafu mmoja mwenye mbwa wa pua iliyobonyea, na masista na paka wao. Nilikwenda nyumbani nikiwa na mada ya kuzungumza wiki nzima.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi kukaa na bibi karibu mwaka mzima. Shahada ya sosholojia, kazi sina, maoni ninayo. Nyumba ya bibi ni ya mwisho kabla ya msitu. Mbele ya mlango yanashuka matuta ya karoti, viazi na kabichi. Nyuma ya choo wanaanza kima, ngedere na nguruwe pori, ambao nao wanayahesabu matuta yale kuwa yao. Kilichoifanya nyumba ikalike ni mbwa. Akibweka, kima wanarudi mitini. Asipobweka, mtu unaamka unakuta karoti zimeng'olewa, zimeng'atwa mara moja moja na kutupwa, kana kwamba waliitwa kuzionja.

Mbwa huyo alikuwa pia hati ya bibi ya kukaa pale. Kwenye arobaini ya babu, ukoo ulipokaa kujadili mjane ataishi wapi, mjomba wangu anayelima bondeni Mnazi alisema ameshamjengea mama yake chumba. Bibi alikwenda Mnazi mara moja tu maishani, akakaa siku tisa, akarudi na vipele vya joto na maneno machache sana. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho mjomba akasema mbele ya wote, "Haya mama. Mbwa akiwepo, kaa. Siku mbwa huyo akifa, nakuja na gari, na tusibishane tena." Bibi akakubali. Mbwa alikuwa bado mdogo, na bibi alihesabu kwamba atakufa yeye kwanza.

Kisha mbwa akaacha kula.

Ilianza kwa kuinamisha kichwa upande mmoja. Halafu sauti ikawa ya kukwaruza. Halafu akawa ananuka, harufu tamu ya kitu kinachooza, na inzi wakamfuata alikokwenda. Bibi alimrushia ukoko, akaunusa na kuuacha. Namna ya kumpa mbwa kitu kwetu ilikuwa hiyo, kumrushia. Tulimwita kwa mluzi, tulimfukuza kwa fagio, tulimlisha kwa kurusha. Sisi ni Waislamu wa mlimani, udhu haukai mbali na mtu, na mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakuna aliyewahi kutuambia tusimguse. Tulijua tu.

Jirani alikuja, akasimama mbali, akasema amelishwa sumu. Mwingine akasema amemeza chura. Mke wake akasema kuna watu hawapendi bibi aendelee kukaa pale, na akamtazama bibi kwa jicho la kusubiri ataje jina. Niliwauliza mmoja mmoja wamejuaje. Nikaonekana sina adabu.

Nikateremka hadi duka la pembejeo barabarani. Muuzaji alikuwa anakula mahindi ya kuchoma.

"Anakula?" akaniuliza.

"Hali."

"Anaharisha?"

"Hapana."

"Minyoo." Akanipa kidonge kikubwa kama kidole gumba. "Hiyo ya ng'ombe. Mpe robo."

"Robo kwa mbwa wa ukubwa gani?"

"Wa kawaida."

"Hutaki hata kumwona?"

"Dada, mimi nauza dawa. Mbwa nimwone wa nini?"

Hivyo ndivyo wagonjwa wa miguu minne wanavyotibiwa huku kwetu, kwa simulizi. Nilimdharau njia nzima ya kurudi. Kisha nikaiviringisha ile robo kwenye donge la ugali na kumrushia mbwa, kutoka kule kule nilikokuwa nimesimama. Hakuila.

Siku ya tatu nguruwe pori walichimbua tuta zima la viazi, na jioni simu ya bibi ikaita. Habari zinafika Mnazi haraka kuliko mvua. Bibi aliweka sauti kubwa kama kawaida yake.

"Mama, nasikia mbwa yuko hoi."

"Amelala tu."

"Jumamosi nakuja na gari."

"Gari la nini? Amelala tu, nimesema."

Alipokata simu alianza kukunja khanga ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Nilimtazama akizikunja, nikasema, kwa sauti ya mtu anayejiaibisha, kwamba mjini kuna kliniki.

"Ile unayoicheka?"

"Hiyo hiyo."

Alhamisi tulimvutia mbwa ndani ya tenga la kabichi kwa harufu ya dagaa, tukafunga juu kwa kamba, tukalisukuma tenga kwa mpini wa jembe hadi barabarani. Kijana wa pikapu inayopeleka mboga mjini alishuka kuangalia.

"Shikamoo bibi. Mbwa kwenye kabichi za watu?"

"Marahaba. Yumo ndani ya tenga."

"Na kabichi zimo ndani ya matenga. Akikojoa?"

"Kwani wewe hukojoi? Pakia, mwanangu, baridi inanipiga."

Akapakia, huku akishika tenga kwa ncha za vidole, kana kwamba linaungua.

Kliniki ilinuka dawa ya sakafu. Binti wa mapokezi alimwamkia bibi vizuri, kisha akavuta fomu.

"Jina la mgonjwa?"

Bibi akataja jina lake mwenyewe.

"Hapana, bibi. La mbwa."

"Mbwa."

"Ndiyo, anaitwa nani?"

"Anaitwa mbwa. Yuko mmoja."

Binti akaandika. Nilichungulia, aliandika "Mbwa" kwa herufi kubwa mwanzoni, kama inavyotakiwa. Daktari akatoka ndani, kijana wa rika langu, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Akauliza kwa uchangamfu, "Mzazi ni nani kati yenu?"

Bibi akanigeukia na kuniuliza kwa Kishambaa, bila kupunguza sauti, kama huyu mtoto anamtukana. Nikamwambia daktari kwamba mbwa hana mzazi hapa, ana wenyewe. Akacheka, akasema ndivyo walivyofundishwa, inasaidia watu kuwajibika. Nikafikiri: hii ndiyo elimu tuliyoipanda milima kuifuata. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, ya kuhusu nani anaigwa na kwa faida ya nani, na ningeitoa kama asingekuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya tenga.

Alimtoa mbwa, akamtazama akinywa maji kwenye bakuli. Alimfunga mdomo kwa kitambaa. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mara ya mwisho mmempapasa shingo lini?"

Niliupandisha mkoba begani.

"Wiki hii? Mwezi huu?"

Bibi akatazama kalenda ya ukutani, yenye picha ya paka mweupe.

Daktari akazamisha vidole vyenye glavu kwenye manyoya ya shingo. Mbwa wa milimani ana manyoya mazito. Vidole vikaingia, vikasimama, vikazunguka. Akayatenganisha manyoya, na harufu ikajaa chumba chote. Ndani ya nyama, mbichi na nyekundu, kulikuwa na mstari wa kijani.

"Kamba," akasema. "Ya manila. Hii ilifungwa akiwa mtoto. Yeye amekua, yenyewe haikukua."

Niliijua kamba ile. Babu alimleta mbwa kutoka Bumbuli amemfunga nayo, miezi mitatu kabla hajafa. Asubuhi ya baada ya arobaini mbwa alikuwa bado amefungwa kwenye nguzo ya banda, analia, na hakuna aliyetaka kumfungua. Mimi nilichukua kisu. Nikaikata kamba kwenye nguzo, kisha nikaikata tena karibu zaidi, nikiwa nimenyoosha mkono wote, kikabaki kipande kifupi kinachoning'inia kidevuni. Pete ya kamba iliyozunguka shingo sikuigusa, kwa sababu ningemgusa. Nilirudi chuoni siku ile ile kumalizia muhula wa mwisho, na nakumbuka niliwasimulia wenzangu bwenini jinsi nilivyomweka huru mbwa ambaye ukoo mzima wa waoga ulimwacha afungwe.

Kisha nikarudi, nikakaa mwaka mzima na mnyama yule, hatua tano kati yetu, nikilaumu ujinga wa kila aliyepita njiani.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili. Chuoni niliwahi kubishana na wenzangu muda mrefu kuhusu mbwa na unajisi, nikasoma ili niwashinde. Kwa madhehebu yetu wenyewe, mkono mkavu juu ya manyoya makavu hauna kosa. Hauna! Kinachooshwa ni kile kilichopatwa na unyevu wake. Kwa hiyo hatukuwa hata watiifu wa sheria tuliyoisingizia. Tulikuwa na mazoea tu, na mimi niliyeyajua hayo yote kwa ushahidi nilikuwa nayo kuliko wote.

"Nahitaji mtu amshike kichwa," daktari akasema. "Msaidizi wangu atashika miguu. Nampa ganzi, lakini nguvu zake ni ndogo, siwezi kumlaza kabisa. Mmoja wenu."

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa na mkoba begani, na ghafla mkoba ule ukahitaji kushikwa kwa mikono miwili. Mbwa alikuwa anatokwa na mate na usaha, na elimu yangu yote ya mkono mkavu haikuwa na kazi pale.

Bibi alivua khanga ya juu akanipa. Akakunja mikono ya gauni hadi viwikoni.

"Bibi, una udhu," nikasema. Mimi nilisema hivyo.

"Nilikuwa nao. Maji yapo, na udongo mlima mzima. Sogea, mjukuu wangu, unaziba mwanga."

Akakishika kichwa kwa mikono miwili, paji la mbwa likalala kwenye mkono wake wa kushoto, akaanza kumsemesha kwa Kishambaa maneno ambayo kwa kawaida husemwa kwa mtoto anayetolewa mwiba. Daktari alikata, akavuta, akakata tena. Kamba ilitoka vipande vinne. Kimoja kilikuwa na fundo la babu, na bibi aliponyooshewa kisahani alilitambua, akatikisa kichwa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na khanga na mkoba, mzazi kamili.

Tulirudi na pikapu ile ile, ikiwa tupu, na kijana hakuuliza tena habari za mkojo. Daktari alikuwa amemshona mbwa nyuzi chache na kuandika maelekezo kwenye karatasi: shingo ioshwe asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi, kwa mkono, mpaka nyama ifunge. Nyumbani bibi alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la uani. Akaosha mikono akihesabu kwa sauti, akachota udongo wa tuta lililochimbuliwa na nguruwe, akausugua mpaka viwikoni, akasuuza. Aliponyanyuka alinipa ile karatasi.

"Asubuhi na jioni," akasema. "Mimi nimeshashika langu."

Jumamosi mjomba alikuja na gari kama alivyoahidi. Alimkuta mbwa amelala uani na bendeji shingoni, na mimi nimechuchumaa, kichwa chake pajani mwangu, naosha. Alisimama akaangalia. Kisha kima mmoja akashuka kwenye uzio, na mbwa akainua kichwa akatoa sauti. Ilikuwa mbaya sana, ya mlango usiotiwa mafuta. Kima akarudi mtini.

"Yupo," bibi akasema kutoka barazani.

"Yupo vipi, mama? Huyo ni wa kufa."

"Tulisema akiwepo. Kunywa chai, mwanangu, halafu ubebe karoti za watoto."

Mjomba akanywa chai, akapakia karoti, akashuka Mnazi peke yake.

Kliniki ile bado naicheka. Visweta bado vinaning'inia dirishani, na sijaona mbwa hata mmoja wa Lushoto aliyevaa. Nilipompeleka mbwa kutolewa nyuzi, daktari aliniita mzazi tena, nikamwambia aache. Hakuacha.

Kila nikimaliza kuosha shingo naenda bombani. Nimeshamweleza bibi kwa mapana kwamba siamini kama mara saba zina tofauti na mara moja kwa sabuni. Ananisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, huku akimenya viazi.

"Umeosha sita," husema. "Bado ya udongo."

Nainama, nachota udongo.