Mtoto Mwenye Miwani ya Nesi

Fundi programu mmoja, aliyeitwa ofisini Mzee wa Bafa ingawa hana hata mvi moja, alikuwa na adabu iliyopitiliza. Printa ikikwama, yeye ndiye aliyeiomba radhi. Basi siku mama mmoja alipopiga ukunga wodini kwa sababu yake, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kamera yake ilifungwa juu ya vitanda vya watoto njiti, ili wazazi, ambao hawaruhusiwi kuingia, wawaone kwenye skrini ya chumba cha pembeni. Mama yule alikuwa na siku ya tisa hajamtia mwanawe machoni. Skrini ikawashwa, nesi akainama kubadilisha nepi, na mama akamwona mtoto wake: kiwiliwili cha kutosha kiganjani, juu yake kichwa kizima cha nesi, na miwani yake.

"Mwisho Ijumaa," daktari alimwambia fundi. "Ikirudia, tunaing'oa. Na huyu mama atasubiri mpaka mtoto atoke."

Kosa lilikuwa kwenye programu inayoiongoza kamera. Kamera hupiga picha thelathini kila sekunde, kila moja ndani ya bafa yake, yaani kijisehemu cha kumbukumbu ya kompyuta. Bafa ikijaa, kamera huikatiza kompyuta kazi yake: imejaa, lete nyingine! Programu huipa skrini ile iliyojaa, na kuipa kamera bafa tupu. Fundi alikagua miito yote. Hakuna hata mmoja uliopotea. Akaongeza bafa kutoka tatu hadi nane. Miwani ikahamia magotini mwa mtoto.

Alhamisi mchana alirudi nyumbani kula, roho juu. Mama mkwe wake alikuwa amewatembelea kwa wiki mbili. Alikuwa na mikono myepesi, na chombo mezani kilimkera. Ukimeza tonge la tatu, sahani imeshaondoka, imeoshwa, amepakuliwa mwingine. Naye ni mkwe, utasema nini? Kila siku fundi alijibu, "Ahsante mama, nimeshiba," na suruali ikazidi kumpwaya.

Siku hiyo mkono ulikuja kijiko kikiwa bado hewani.

"Mama, sijamaliza!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mkewe akaacha kutafuna.

"Kumbe una mdomo!" alisema mama mkwe. "Sasa siku zote hizi husemi, mimi ningejuaje?"

Fundi akakodoa macho. Skrini ya ofisini, alikojaribia programu, ilikuwa ya haraka. Ya wodini ilikuwa kuukuu, inasoma kwa kujikongoja. Programu yake iliinyang'anya bafa kabla haijamaliza kusoma, kisha kamera ikamwaga picha mpya humohumo. Na yeye hakuipa skrini njia yoyote ya kusema bado. Akamshika mama mkwe mikono yote miwili, sahani ikiwemo, akamshukuru mara tatu na kutoka mbio.

"Mwanangu," mama mkwe alimwuliza bintiye, "mumeo mzima kweli?"

Dawa ilikuwa mistari kumi na mmoja. Bafa haichukuliwi mpaka skrini iseme imemaliza. Zote zikiwa na kazi, picha mpya inatupwa, na hakuna atakayeililia. Ijumaa asubuhi nesi aliombwa ainame, ainuke, apunge mikono. Alitii huku amenuna. Kwenye skrini nesi akawa nesi, mtoto akawa mtoto.

Lakini mama yule alikaa ameipa skrini mgongo. Fundi alitaka kumwomba radhi, akaishia kuiomba skrini, mtu wa kuomba radhi printa.

Hatimaye mama akageuka taratibu, mikono usoni, akichungulia katikati ya vidole. Mtoto alikunja ngumi, akafungua kinywa na kupiga mwayo mrefu, mwanzo mpaka mwisho.

"Mvivu huyu," mama alisema, machozi yakimtiririka. "Mvivu kama baba yake."

Akavuta kiti karibu na skrini.