Kishikio cha Fundi Koki

Chubwi.

Haikuwa sauti kubwa. Kijiwe kilichorushwa na mtoto kingetoa kubwa kuliko hiyo. Lakini miezi miwili baadaye Fundi Koki alikuwa bado anaisikia, akinyoa ndevu, akifunga viatu, akikoroga chai. Ilikuwa sauti ya fimbo ya kuvulia ya marehemu baba mkwe wake ikizama bwawani, ncha ikitangulia.

Alikuwa ameibana magotini ili mikono yote miwili ishike kafi. Kayaki ni kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja. Hakuna wa kumwambia, hebu nishikie hapa. Samaki akavuta, magoti yakasalimu amri, na habari ikaishia hapo.

Mkewe alipoambiwa hakupandisha sauti. Alikuwa kwenye cherehani akishona kola ya sare ya shule. Akaimaliza kola, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema, "Zilikuwa mbili." Kisha akaichukua ile ya pili nyuma ya mlango, akaifungia katika kabati la vitambaa, na ufunguo akautumbukiza katika mkebe wa vifungo.

Fimbo zile hazikuwa za Fundi Koki. Mzee alimwachia binti yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akikaa naye ukingoni tangu utotoni, akimshikia kopo la minyoo. Yeye mkwe aliazimwa tu, tena kwa moyo mweupe, mwaka ule mgongo wake ulipogoma kuingia chini ya masinki ya watu. Ndipo aliponunua kayaki kuukuu ya manjano, ambayo mkewe aliiita ndizi tangu siku ya kwanza. Asubuhi tatu kila juma ndani ya ndizi ile, juu ya maji yasiyohitaji fundi, zilikuwa zimemrudishia usingizi. Sasa ndizi ilikuwa imelala kifudifudi uani, kuku wakitagia chini yake.

"Mama watoto," alianza jioni moja, "hivi ile fimbo..."

"Siku utakayonionyesha kitu kinachoshika kuliko magoti yako, baba watoto, nitakupa. Kwa mkono wangu mwenyewe."

Ukimuuliza fundi bomba swali lolote, atakujibu kwa bomba. Jumamosi iliyofuata Koki alitoa stoo kipande cha bomba la plastiki, kinene, cheupe, urefu wa shubiri mbili na kitu. Akakijaza mchanga mkavu na kuushindilia, kisha akawa anakizungusha juu ya jiko la mkaa, polepole, mpaka plastiki ikalegea. Mchanga ndio siri yenyewe. Bila huo bomba hubonyea linapokunjwa. Akalipinda kidogo, kama shingo ya mtu anayesikiliza. Lilipopoa akamwaga mchanga, akalichana mdomoni mfereji mfupi wa kukalia kigurudumu cha mshipi, akapiga msasa mpaka ukingo ukawa laini kama wa kikombe. Ndani akatandika mpira wa baiskeli, fimbo isigongegonge.

Chini akaliziba kwa kifuniko na gundi. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Wengine husema usipoziba ufa utajenga ukuta, wakaenda zao. Yeye alikuwa ameziba nyufa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kuondoka katika nyumba ya mtu kabla ya kuhakikisha hapavuji. Akalijaza maji bomba lake, akalisimamisha juu ya gazeti, akaenda kulala. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Akalikunja, akalitia mfukoni kama cheti, kisha akalikaza bomba kwa bolti kwenye ubao, na ubao kwenye kayaki, mbele kidogo ya magoti yale yaliyomwangusha.

Mkewe alilitazama gazeti. Hakuona kwa nini aihatarishe fimbo ya baba yake kwa sababu ya karatasi kavu.

"Jaribu kwanza na mpini wa ufagio," alisema, akamwita mdogo wake, kinyozi, aje bwawani.

"Nimeacha kichwa cha mtu nusu," alisema kinyozi alipofika. "Mmeniitia nini?"

"Uwe samaki, shemeji," Koki alimjibu.

"Samaki gani?"

"Mwenye kelele. Hutapata shida."

Koki akapiga kafi mpaka maji yalipofika kifuani mwa mtu. Mpini ulikuwa ndani ya kishikio, umefungwa kamba, na mwisho wa kamba ulikuwa mikononi mwa kinyozi huko ukingoni. Kinyozi akavuta. Kayaki ikageuka, mpini haukutoka. Akavuta tena mpaka viatu vyake vikazama katika tope. Mpini ulikaa vilevile.

"Haya, kinashika," alisema mkewe. "Sasa uchomoe, umlete samaki wako."

Hapo ndipo penye kazi. Kafi lilikuwa limerusha maji, na bomba lililozibwa kifundi lilikuwa limejaa. Mpini ulikuwa umezama humo, umekumbatiwa na mpira pande zote, na hewa haina pa kupenya. Koki akavuta kwa mkono mmoja. Akavuta kwa miwili.

"Usisimame," mkewe alimwambia.

Akasimama.

Chubwi ya siku ile ilikuwa kubwa zaidi.

Alipoibuka, kofia ikiwa imemtangulia kuelekea ng'ambo, kinyozi alikuwa amekaa chini, ameshika mbavu. "Dada," alisema kwa shida, "fimbo imebaki. Aliyekwenda ni mvuvi."

Mkewe aliikunja sketi, akaingia majini mpaka kwenye magoti, akaivuta ndizi kwake kwa ile kamba. Hakucheka, au alichekea ndani. Akagonga kifuniko kwa ukucha.

"Toboa hapa."

"Nitoboe nini?"

"Tundu. Maji yatoke, hewa iingie. Mkebe wa maziwa ukiutoboa tundu moja, maziwa yanatoka?"

"Yanagoma."

"Unafanyaje?"

Koki alijikamua shati kwanza. "Natoboa la pili."

"Basi."

"Mama watoto, bomba zima lile? Halina ugonjwa wowote."

"Mwache, dada," alisema kinyozi. "Huyu hata ukimpa chujio ataliziba."

Nyumbani Koki aliufungua ubao kutoka kwenye kayaki, akasimama na drili mkononi kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kila drili ilipokigusa kifuniko, ubao ulicheza. Mkewe akaacha cherehani, akaja, akaubana kwa viganja viwili.

"Nakushikia," alisema.

Unyuzi mweupe wa plastiki ukajikunja, ukadondoka katikati yao kama ukucha wa mtoto. Mwanga ukapita pale ambapo kwa miaka yote asingeuruhusu upite. Mkewe akaenda kwenye mkebe wa vifungo, akachakura mpaka akaupata ufunguo. Fimbo akaifuta kwa kitambaa, kuanzia kitako hadi ncha, akampa kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alikwenda naye bwawani, na shati la mteja la kutia vifungo. Hakusema amekuja kulinda. Alipofika kifungo cha tatu aliinua macho, akaiona fimbo ya baba yake imepinda, ncha ikitikisika, kishikio kimetulia tuli. Akamwona mumewe akilaza kafi bila haraka, kama mwenye siku nzima. Fimbo ikatoka kwenye bomba kama mkono utokavyo katika mkono wa shati.

Samaki hakuwa mkubwa. Angejaa kiganja na vidole, asizidi. Koki alirudi ukingoni, na kabla ya kumtoa samaki alimpa mkewe fimbo.

"Kimeshika?" aliuliza mkewe, ingawa alikuwa ameona.

Koki alivuta pua ya kayaki hadi kwenye majani, akachuchumaa, akakinga kiganja chini ya bomba. Tone likaanguka. Akasubiri. Likaanguka la pili. Aliyatazama matone yale kwa uso wa mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemngoja, kisha akasema kwa sauti ya chini mno, mkewe akalazimika kuinama ili asikie:

"Kinavuja."