Kilengeo cha Bunduki ya Baba

Juzi fundi alipokuwa akipaka mafuta cherehani yangu, harufu ile ilinirudisha mjini Same, kwa fundi bunduki, siku baba alipokwenda kuchagua kilengeo kipya. Kile cha zamani, kijichuma kilichosimama kwenye ncha ya mtutu, kilikuwa kimevunjika, na nguruwe pori walikuwa wakitumalizia mahindi kule mlimani. Tulikuwa watatu: baba, baba mdogo na mimi.

Fundi aliweka mezani vilengeo viwili, kimoja chembamba kama sindano, kingine kinene chenye tone jeupe kichwani. Akafunga kile chembamba. Baba akafumba jicho moja, akalenga uani.

"Unaona nini, mzee?" fundi akauliza.

"Kopo lile juu ya kigogo."

Halikuwa kopo. Alikuwa kuku, na papo hapo akaruka chini. Baba akajaribu kile kinene, akakaa nacho muda mrefu, jicho likitoka machozi. Kisha akamkabidhi baba mdogo bunduki.

"Mfungie huyu kinachofaa macho yake," akamwambia fundi.

"Kaka, bunduki si ni yako?"

"Mahindi ni yetu sote."

Baba mdogo akachagua chembamba. Alipolenga, baba akamshika kiwiko mpaka kikatulia.

Jioni tukipanda mlima, baba aliniwekea mkono begani, akasema miguu imechoka. Nikapunguza mwendo, na kila penye jiwe njiani nikamwambia, "Baba, jiwe."