Comics zilizokatwa pembe: Jumapili moja ya hofu Nairobi, miaka ya hamsini

Kwanza tulisikia chuma.

Ulikuwa ubao wa nyuma wa lori. Uliachiliwa, ukagonga, ukabaki unaning'inia na kulia. Kisha kimya. Hatukuwa tumeona chochote bado, maana dirisha la chumba kile lilikuwa juu karibu na dari na lilionyesha mawingu tu. Lakini kila mtu mle ndani aliujua mlio ule, na mkasi wa Mwalimu ukasimama hewani, umefunguka.

Wakuu, heshima kwenu, wenyeji na wageni wa jukwaa hili.

Naandika kwa simu ya mjukuu wangu, kwa hiyo mnivumilie herufi zikirukaruka. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Pale kumbukumbu inaponitoroka nitasema imenitoroka, sitajaza pengo kwa ufundi.

Kilichonisukuma ni ule uzi wa juzi. Mtu kauliza kama maktaba zetu ziweke manga na graphic novels, na wengi mkamcheka. Makatuni ya watoto, mkasema, yatakula nafasi ya vitabu vya maana.

Mimi sikucheka. Niliuangalia uzi ule na dole gumba langu likaanza kuwasha.

Turudi nyuma. Ni wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Nilikuwa kijana, nimetoka Maragoli, magharibi mwa Kenya, tarishi wa ofisi moja katikati ya jiji. Wiki nzima nilibeba bahasha za watu. Jumapili niliandika riwaya. Tulikuwa kikundi kidogo cha vijana wa kalamu, tukisomeana kurasa zetu na kuchekana bila huruma. Mmoja aliwahi kuniambia mashujaa wangu wote wanaongea kama makarani. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Tulikutana katika chumba cha kusomea nyuma ya kanisa moja, si mbali na River Road. Kilitunzwa na Mwalimu Zakayo, Mkikuyu wa Dagoretti. Shule aliyofundisha ilifungwa na serikali, na mchungaji akampa funguo za chumba kile badala ya kumpa pole.

Palikuwa na makabati mawili. La kwanza lilikuwa na Biblia, kamusi na vijitabu vya kilimo cha kahawa. Vumbi lake halikusumbuliwa na mtu.

La pili lilikuwa kabati kuukuu la nyama, lile lenye wavu wa kuzuia nzi. Humo ndimo zilimokaa comics. Mwalimu alizishona kwa sindano ya magunia, akazivika majalada ya maboksi ya sabuni, ukifungua unanusa sabuni kabla ya hadithi. Wapishi, matopasi, makarani, wote walinawa mikono kwenye karai mlangoni kisha wakapanga foleni. Asiyejua kusoma aliketi kando ya anayejua, na huyo alisoma kwa sauti ya chini, akifuata maneno kwa kijiti. Kidole hakikuruhusiwa kugusa karatasi. Kulamba kidole ili ufunue ukurasa ndiyo ilikuwa dhambi kubwa kuliko zote. Mwalimu angekutoa nje mbele ya watu.

Kamati ya kanisa haikuzipenda. Aliwajibu kwamba mtu akija kwa ajili ya picha, maneno yatamkamata akiwa bado ameketi.

Sasa swali: zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye nyumba za Wazungu, upande wa Ngong Road. Aliyetuletea nyingi aliitwa Nyambura, yaya wa nyumba moja karibu na Dagoretti Corner. Mama wa nyumba ile alikuwa amesoma gazetini kwamba vitabu vya picha vinaharibu akili za watoto, akaamuru vichomwe kila mwisho wa juma. Nyambura alichoma magazeti. Comics alizifunga tumboni kwa leso, akatembea nazo hadi mjini kama mja mzito. Wenzake walimtania, wakimuuliza huyo mtoto atazaliwa lini. Alijibu kwamba kila Jumapili, na baba yake ni Mwalimu.

Shida ilikuwa pembe.

Duka la magazeti mjini liliandika jina la nyumba kwenye pembe ya juu ya kila nakala, ili mpeleka magazeti wa baiskeli asikosee lango. Waliandika kwa penseli. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Mwalimu, kabla ya kushona, kabla ya hata kutazama picha, ilikuwa kuikata pembe ile na kuitia kwenye jiko. Comics zetu zote zilikosa sikio moja.

Kwa nini? Kwa sababu kitu cha Mzungu kikionekana mkononi mwako, wewe ni mwizi, hata kama kilikuwa njiani kwenda motoni. Na Nyambura alikuwa Mkikuyu. Pasi yake iliandikwa nyumba anayofanyia kazi. Kazi ikiisha, pasi imekufa, na Mkikuyu asiye na pasi Nairobi ya wakati ule alipandishwa lori. Wengine walirudi. Wengine tuliacha kuwaulizia.

Jumapili ile Nyambura alikuwa amefika punde tu. Ameitoa nakala moja kutoka kwenye leso, bado ina joto la mwili wake, ameiweka mezani. Nami niliivuta kwangu kuona jalada wakati Mwalimu anatafuta mkasi. Ameupata, amenyoosha mkono, ndipo chuma kikalia.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa.

Aliingia inspekta Mzungu, kijana, labda umri wangu, na nyuma yake askari wawili. Mkasi ulikuwa umeshashuka mezani. Comic ilikuwa mikononi mwangu, pembe haijakatwa. Dole gumba langu lilikuwa juu ya jina.

Sikulipanga. Lilikuwa pale tu, na nikaelewa kwamba haliwezi kuondoka.

Pasi zilikusanywa, zikarundikwa mezani. Mimi, mtu wa magharibi, pasi yangu haikutazamwa mara mbili. Ya Nyambura ilitazamwa. Inspekta aliisoma taratibu, midomo ikicheza, akaiweka juu ya rundo ikiwa wazi. Jina la nyumba lilikuwa pale, likitazama dari. Na lile lile lilikuwa chini ya dole langu, umbali wa kitabu kimoja.

Nyambura hakuniangalia. Alikuwa akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Inspekta alisema wameambiwa kuna vitabu hapa vyenye picha za watu wenye silaha waliojificha nyuso. Kisha akaona nilichoshika. Kwenye jalada palikuwa na mzamiaji wa baharini, kavaa ile kofia kubwa ya shaba, duara, yenye vidirisha vya vioo, na kisu kiunoni.

Wakuu, mnaojua historia mnajua kwa nini hata sisi tulimwogopa mzamiaji yule. Wakati wa misako watu walipangwa mstari mbele ya mtu aliyevikwa gunia, matundu mawili tu ya macho. Akiinamisha kichwa mbele yako, umekwenda. Hakuna aliyejua ni nani mle ndani. Huenda mlikula pamoja jana.

"Kwa nini huyu naficha uso?" inspekta akauliza, Kiswahili chake kile cha mashamba ya walowezi.

"Yuko chini ya maji, Bwana," nikasema. "Akiivua anakufa."

"Soma. Sema Kiswahili, askari yangu sikia."

Nikasoma.

Sijawahi kusoma kitu kirefu namna ile, na zilikuwa kurasa chache tu. Mzamiaji anashuka kutafuta meli iliyozama. Nje ya kidirisha chake kunapita kivuli. Nilitafsiri nikiwa na sauti ya mtu mwingine kooni. Jalada nililikunja nyuma, pembe ikabaki imebanwa kati ya dole na kiganja, na kurasa nikazifunua kwa mkono wa kushoto kama mtu wa mkono mmoja. Askari mmoja alinogewa. Alisogea kuona kivuli kile ni cha nini. Kila aliposogea, nilibana zaidi.

Ndipo nikafikiria kwamba penseli hufutika.

Nikafanya lile tulilokatazwa. Nililamba dole langu, kama mtu anayetaka kufunua ukurasa, nikalirudisha penye jina, nikasugua.

Haikuwa penseli ya kawaida. Ilikuwa ile ya dukani ambayo ikilowa inageuka wino. Nilipochungulia, zambarau ilikuwa inachanua kwenye pembe kama ua. Herufi ziliamka. Kwa pumzi moja jina lilisomeka wazi kuliko lilipoandikwa, nikasugua, nikasugua, huku mdomo wangu unasema pweza, unasema mnyororo, unasema hewa imekwisha.

"Lete," inspekta akasema.

Nikampa.

Alitazama doa. Akatazama dole langu, lililokuwa zambarau hadi kwenye ukucha. Jina lilikuwa limekufa, lakini kifo chake kilionekana chumba kizima.

Nilisikia kiti kikisukumwa. Mwalimu Zakayo alinijia, akaushika mkono wangu, akauinua juu kama wa mwizi wa kuku. Akanikaripia kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Nimekataza mara ngapi kulamba vidole. Nyie vijana mnatafuna penseli kisha mnachafua vitabu vya watu. Utaketi nje mwezi mzima. Alikuwa amekasirika kweli, wakuu. Mpaka leo sijui ni kiasi gani cha hasira ile kilikuwa maigizo.

Askari aliyenogewa alicheka. Inspekta karibu acheke. Niliona bega la Nyambura likishuka kidogo.

Kisha inspekta akafungua kabati la nyama.

Akatoa comic moja, nyingine, nyingine. Akazifungua, akazipanga mezani zikiwa zimeelekea upande mmoja. Zote zimekatwa pembe moja. Akaiweka ya kwangu mwishoni, nzima, yenye doa. Hakuwa mjinga.

Akauliza kwa utulivu nani kati yetu anafanya kazi nyumba ya Mzungu, huku mkono wake ukienda kwenye rundo la pasi, kwenye ile iliyo wazi juu.

"Mimi ndiye ninayeziokota," Mwalimu akasema.

Mkono ukasimama.

"Nikitoka nyumbani Dagoretti alfajiri napita Ngong Road. Naokota mapipani."

"Nyumba gani?"

"Zote, Bwana. Mapipa hayana majina."

Alikuwa amejitia mwenyewe kwenye mitaa ambayo pasi yake haikumruhusu kuzurura. Alilijua hilo kuliko sisi sote. Inspekta alimtazama muda mrefu, akasukuma rundo la pasi, zikamwagika, ya Nyambura ikajifunga.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwalimu alipandishwa lori. Nyambura hakupoteza kazi. Jumapili iliyofuata alikuja tena akiwa na "ujauzito" wake, ametembea njia nzima na hofu yake, aliniambia, lakini akaja. Nilikata pembe mimi. Habari za Mwalimu tuliziulizia kwa mchungaji, kwa ndugu zake, kwa waliorudi kutoka kambi za kizuizini. Mmoja alidai alimwona. Mwingine alisema si yeye.

Riwaya yangu ile niliichana. Niliandika nyingine, na ndani yake hakuna mtu anayeongea kama karani.

Somo nililobaki nalo ni dogo. Zamani nilidhani jasiri ni mtu ambaye hofu imemtoka. Siku ile niliona mikono ya Mwalimu. Hofu ilikuwa imejaa humo. Aliibeba tu, kama mtu anavyobeba maji asimwage. Basi mkiona kitabu cha picha kwenye shelf ya maktaba, kabla ya kucheka, jiulizeni kuna aliyekibeba tumboni kukifikisha pale.

Na ombi. Kama kwenu, kwenye sanduku la babu au nyanya, kuna comic kuukuu iliyokosa pembe ya juu, iliyoshonwa kwa uzi wa gunia, semeni hapa chini. Hata kama hamtaki kuitoa. Nataka kujua tu kwamba ipo.

Mtauliza kama Mwalimu aliaga. Hakuaga. Alivaa kofia yake. Aliusogeza mkasi mbele yangu, ncha ikielekea kwake, jinsi alivyotufundisha kumpa mtu mkasi. Askari wakatangulia nje. Kurasa mezani zilianza kuinuka kwa upepo wa mlangoni, naye akageuka, akashika kitasa kwa mikono miwili kama alivyofanya kila Jumapili, akauvuta mlango polepole nyuma yake mpaka kurasa zikalala.