Neno Lililoninyima Bweni

Jana jioni mjukuu wangu alikaa na daftari lake hapa kibarazani Kirumba, akaniomba nimtajie neno moja la Kiingereza lililo nomino na pia kitenzi. Nilimjibu hata kabla hajamaliza kuuliza, maana jibu hilo nimelitunza tangu utoto. Akaliandika, akaingia ndani. Mimi nikabaki namkumbuka binti wa fundi cherehani, na wivu ukanirudia kama wa jana.

Usinicheke, wewe hukumwona. Miaka ile kabla ya uhuru, asubuhi ufukweni kwetu ziwani ilinuka furu. Mama na mimi tuliwapasua samaki hao wadogo, tukawaanika juu ya mawe, kisha nakwenda shule mikono ikinuka hata niisugue kwa majivu na ndimu. Yeye, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alinukia mafuta ya nazi. Kila Idi alikuwa na gauni jipya. Wakati wa mapumziko alikula vitumbua vya mama yake, na alinimegea, tena upande mkubwa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa na roho mbaya ningepata nafuu.

Ila nilichomwonea kijicho hasa ni ulimi wake. Kwao walisema Kiswahili cha mjini. Kwetu tulisema Kisukuma, na r na l zililala kitanda kimoja. Bibi yangu akiita, "Njooni mre ugari," tulinawa mikono, hakuna aliyeshangaa.

Mwalimu wetu, mtu wa pwani, alikuwa na nafasi moja tu ya msichana kwenda shule ya bweni. Tukabaki sisi wawili, alama sawa. Naye alikuwa ametufundisha maajabu ya Kiingereza: "water" ni maji, na "water" hiyo hiyo ni kumwagilia, wala neno halibadili nguo. Kiswahili chetu kina adabu zake, mchezo ni mchezo na kucheza ni kucheza. Mimi maajabu yale niliyapenda kupita kiasi. Nikipasua furu, nayatafuta maneno ya namna hiyo kichwani.

Siku ya kuamua, mwalimu alitusimamisha, kila mmoja ataje neno lake la namna hiyo. Binti wa fundi akasema "fish". Samaki, na kuvua samaki. Neno la mikono yangu, na yeye hajawahi kushika hata gamba! Mimi nikasema langu: "play".

"Pray?" mwalimu akauliza. "Kusali?"

"Hapana, mwalimu," nikasema, nikarudia. Likatoka vilevile.

"Hicho ni kitendo tu, si jina. Haya, kaa chini usali."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka, na hilo nalo sikumsamehe.

Akaenda bweni. Likizo alirudi na viatu vyeusi na soksi, akanisalimu vizuri tu, roho ikaniuma. Uhuru ulipofika aliimba na wasichana wa shule mbele ya wakubwa, mimi nikimsikia kutoka nyuma ya karai langu la samaki. Bibi aliniambia ng'ombe wa maskini hazai, nami nikaamini.

Siku hizi furu huwaoni tena, yule samaki mkubwa sangara amewamaliza. Mawe yetu ya kuanikia yamejengewa nyumba. Fundi na mkewe tulishawazika, na mwaka juzi tukamzika na binti yao. Nililia kweli. Lakini hotuba zilikuwa ndefu, nzuri, nikakaa pale kwenye mkeka namwonea wivu hata maiti.

Leo mchana mjukuu amerudi kutoka shule amenuna. "Bibi, umenikosesha. Mwalimu kasema 'pray' si nomino."

Nikamwomba penseli. Nikaandika polepole, herufi kwa herufi, nikamsogezea daftari. Akasoma, akashika mdomo.

"Kumbe ulisema 'play'?"

"Ndiyo, mama. Siku zote nilisema hivyo. Siku ile hakuna aliyenipa chaki."